Kifudu, ngoma ya matanga iliyomkwamisha mkoloni

Kwa Wagiriama wa pwani ya Kenya, kifudu ni ngoma ya wanawake. Huchezwa matangani, sketi za hando zikiyumba viunoni, mabega yakitikisika na kayamba zikilia. Anayeisikia kwa mbali hujua pana msiba, akaacha jembe akaenda. Msibani mtu haalikwi.

Mwaka 1913, Mekatilili wa Menza aliishika ngoma hiyo akaitoa matangani. Serikali ya kikoloni ilikuwa imemtuma Arthur Champion kuwatoza Wagiriama kodi na kuwatafutia walowezi wa pwani vibarua. Tena iliwataka waliokuwa wakilima kaskazini ya mto Sabaki wahame, waiache ardhi yenye rutuba kuliko zote walizokuwa nazo. Mekatilili alikuwa mjane, hana kiti katika baraza la wazee. Akatoka kijiji hiki akaingia kile, akicheza kifudu. Watu walimfuata makundi kwa makundi, na walipokwisha kukusanyika, alisema nao.

Mimi huona hapa ndipo ilipo akili yake. Mkutano wa kupinga kodi ungetawanywa siku hiyo hiyo, lakini askari angewakatazaje kina mama kulia? Na kilio hicho hakikuwa cha kuigiza. Vijana walikuwa wakichukuliwa, na mashamba yalikuwa njiani kuondoka.

Ngoma ikawafikisha Kaya Fungo, makao matakatifu ya Wagiriama. Huko wanawake walikula kiapo cha mukushekushe na wanaume kiapo cha fisi, kwamba hakuna atakayemtumikia Mzungu. Kazi ya Champion ikakwama. Oktoba Mekatilili alikamatwa pamoja na mzee Wanje wa Mwadorikola, wakapelekwa Kisii, upande wa pili wa nchi. Januari 1914 walitoroka wakashika njia ya kurudi kwao.

Agosti mwaka huo serikali iliilipua kaya kwa baruti. Vita vikazuka, nyumba zikateketezwa kwa maelfu, na walionusurika wakatozwa faini kubwa. Hata hivyo amri ya kuhama Sabaki haikudumu: baada ya miaka michache Wagiriama walikuwa wamerudi ng'ambo ya kaskazini, wakilima.

Mekatilili mwenyewe amezikwa huko huko kaskazini, Bungale katika Magarini. Sanamu yake iko Malindi mjini, na kila Agosti wazee na kina mama hufunga safari hadi kaburini kwake, wakiwa na ngoma zao.