Chuma Kilichodhaniwa Kugeuka Shaba

Katika karne ya 11, nasaba ya Song ilipohitaji shaba nyingi ya kusubu sarafu, mafundi wa Qianshan, katika jimbo la Jiangxi nchini China, walikuwa wakiloweka mabamba membamba ya chuma katika maji machungu ya chemchemi, kisha wakikwangua utando mwekundu uliojishika juu yake na kuuyeyusha tanuruni hadi wakapata shaba. Mwanazuoni Shen Kuo (1031–1095) aliandika kwamba sufuria ya chuma iliyotumiwa kuchemshia maji hayo kwa muda mrefu iligeuka shaba. Kauli hiyo si sahihi, lakini ilitoka kwa mtu aliyetazama kwa makini, kwani chuma kilikwisha kweli na shaba ikabaki.

Maji hayo yalibeba mrututu, yaani chumvi ya buluu inayozaliwa hewa na mvua vinaposhambulia mawe yenye shaba na sulfuri. Ndani ya maji shaba hiyo huwa ioni, chembe iliyopungukiwa elektroni mbili, na chuma huipa elektroni hizo, kikayeyuka chenyewe huku shaba ikitua mahali pake.

Sababu ya chuma kutoa na shaba kupokea ilianza kupimika baada ya Alessandro Volta kutengeneza betri yake mwaka 1800, wanakemia walipokuja kuzipanga metali kwa potensheli ya upokeaji, kipimo cha nguvu ya ioni kuvuta elektroni ikilinganishwa na hidrojeni, iliyopewa sifuri. Shaba ina volti +0.34 na chuma −0.44, hivyo tofauti ya 0.78 hulisukuma tendo lijiendee lenyewe. Fedha, yenye +0.80, ikilowekwa katika mrututu haibadiliki.

Mpangilio huo unaangaza jambo jingine. Kwa hesabu, gramu 56 za chuma zatosha kutoa gramu 63.5 za shaba, ilhali kumbukumbu za Song zinataja ratili 2 na robo za chuma kwa ratili 1 ya shaba. Maji ya chemchemi kama hizo kwa kawaida huwa na asidi, na pia ioni za chuma zilizopoteza elektroni tatu, ambazo kwa potensheli ya +0.77 hukila chuma kabla hata ya shaba kupata sehemu yake. Dola ilivumilia hasara hiyo kwa kuwa chuma kilikuwa rahisi. Zhang Qian, aliyeijua kazi hiyo kwa undani, aliiandikia kitabu kizima, nacho, kwa masikitiko, kimepotea.