Mafundi wa Bodi na Pikapu za Afrika Mashariki

Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, gari la mizigo lilifika Mombasa na Dar es Salaam likiwa nusu tu: injini, magurudumu, fremu na pengine kebini ya dereva. Nyuma aliachiwa fundi wa huku. Utaratibu huo ulitoka ng'ambo pamoja na gari lenyewe. Kampuni ya Ford ilipotoa Model TT mwaka 1917, iliuza chesisi ya tani 1 kwa dola 600, na mnunuzi akajitafutia seremala wa kumpigia sanduku la mbao. Pikapu kamili kutoka kiwanda cha Ford, yaani Model T yenye kisanduku nyuma, ilikuja mwaka 1925 kwa dola 281. Huko Marekani, seremala wa mjini akaanza kunyang'anywa kazi. Nairobi ndiyo kwanza alikuwa anaipata.

Ufundi ulikuwepo tayari. Reli ya Uganda, iliyojengwa kati ya 1896 na 1901 kutoka Mombasa hadi Kisumu, ilileta kutoka Punjab maseremala na wahunzi, wengi wao Masingasinga. Baadhi yao hawakurudi kwao. Walifungua karakana mijini na kuwafundisha vijana wa Kiafrika waliowasaidia. Miaka ya 1920 karakana za aina hiyo ziliunda gari lililokuja kujulikana kwa walowezi kama boksibodi. Lilikuwa chesisi ya Ford au Chevrolet iliyotandazwa mbao nyuma ya kiti cha dereva, ikazungushiwa kuta fupi, ikaezekwa paa juu ya nguzo, na pembeni kukaning'inizwa turubai la kuteremshwa mvua inaponyesha. Lilibeba magunia ya mahindi, wagonjwa, hema na nyama ya porini. Usiku mwenye gari aliweza kulala humo humo. Anayetafuta babu wa magari ya kambi ya leo hana haja ya kwenda mbali zaidi ya hapo.

Kazi yenyewe ilikuwa na kanuni zake, na nyingi zilijifunzwa kwa kuvunjika kwa vitu. Fremu ya gari hujipinda kila gurudumu linapoingia shimoni, na bodi iliyochomelewa moja kwa moja juu yake haina pa kupumulia. Hupasuka kwenye pembe, au huipasua fremu. Kwa hiyo fundi mzoefu hulaza kwanza boriti mbili ndefu juu ya fremu, katikati akaweka vipande vya mbao ngumu, kisha akavibana vyote kwa yubolti bila kuitoboa fremu. Mbao hiyo hufyonza mtikisiko na kuzuia chuma kusagana na chuma. Ikioza hubadilishwa, na gari likaendelea. Kanuni ya pili ni ya urefu. Kitanda kikipita mno ekseli ya nyuma, mzigo huinua mbele, usukani ukawa mwepesi na breki zikakosa nguvu. Wateja wengi walitaka kitanda kirefu hata hivyo, na fundi aliyekataa alijua kwamba jirani yake angekubali.

Pikapu ilipata kazi nyingine baada ya uhuru. Nairobi ilikuwa na kampuni ya mabasi tangu 1934, lakini mabasi yake hayakutosha, wala hayakufika kila mtaa uliokuwa ukiota pembezoni. Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta aliruhusu matatu kubeba abiria bila leseni maalumu, na karakana za bodi zikajaa. Iliyopendwa sana ilikuwa Peugeot 404, gari lililoshinda mbio za Safari mwaka 1963, kisha mara tatu mfululizo kuanzia 1966. Sifa ya uimara haikuhitaji kutangazwa. Nyuma yake mafundi walisimamisha fremu ya mabomba, wakaifunika kwa bati, wakaweka mabenchi mawili ya ubavuni na mlango wa nyuma wenye chuma cha utingo kuning'inia. Abiria aliingia ameinama na akakaa hivyo hivyo, magoti yakigusana na ya mwenzake wa benchi la pili.

Dar es Salaam ilipitia njia kama hiyo kwa kuchelewa kidogo. Shirika la UDA, lililoundwa 1974, lilizidiwa na upungufu wa mabasi na vipuri, na mwaka 1983 serikali ikawaruhusu watu binafsi kusafirisha abiria jijini. Pikapu zenye mabenchi yanayotazamana, maarufu kwa jina la chai maharage, zilishika barabara. Zanzibar seremala hakuachia nafasi yake kwa mchomeleaji: paa na kuta za mbao zilizopakwa rangi ziliendelea kuundwa juu ya malori madogo, kazi safi kuliko nyingi za bara.

Kilichoibadili bodi ya abiria baadaye kilikuwa sheria zaidi ya mtindo. Kenya ilirudisha leseni na ukaguzi kwa matatu mwaka 1984, na kanuni za Waziri John Michuki, zilizoanza Februari 2004, zikadai mikanda kwa kila abiria na kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa. Benchi la ubavuni halifungiki mkanda wa maana. Kufikia hapo mabasi madogo ya Nissan yalikuwa yameshaiondoa pikapu mijini, na kanuni zilimalizia tu. Kiwango cha KS 372 cha mwaka 2014 kikaweka masharti ya ujenzi wa bodi zenyewe, jambo ambalo karakana ndogo zisizo na mchoro wala mhandisi zililiona kama kufungiwa mlango.

Ufundi wa pikapu haukufa. Ulihamia kwa watalii. Arusha huletwa Land Cruiser za mfululizo wa 70, uliotoka 1984. Karakana hung'oa kisanduku cha kiwandani, hukata fremu na kuirefusha, huiimarisha kwa bamba la chuma ndani ya kiungo, kisha hujenga bodi ya viti yenye paa la kuinuka. Wengine huagiza kitanda tambarare chenye makabati ya vyombo chini, tangi la maji, na nafasi ya hema juu.