Sombe, bugali na mawese: chakula cha wazee wetu na faida yake

Hapa Kindu, ukimuuliza jirani asubuhi, "Jana mulikula nini?", mara nyingi atacheka kidogo na kujibu: "Ah, tulikosa mboga, tulikula sombe tu." Ni hilo neno "tu" lililotusukuma kuandika kurasa hizi. Sombe ni mboga, tena mboga ya kwanza. Lakini katika Kiswahili chetu neno mboga linabeba kila kitu kinachosindikiza bugali, hata nyama na samaki, na siku hizi kwa watu wengi mboga ya kweli ni nyama peke yake. Aliyekula majani anajiona kama hakula. Ndugu msomaji, tunataka kuonyesha kwamba aibu hiyo haikutoka kwa wazee wetu, na kwamba inatuletea hasara.

Zamani watu walikula nini?

Tuseme ukweli kwanza: wazee wetu hawakukataza nyama. Waliwinda, walitega, na Wagenya waliishi kwa samaki wa Lualaba. Lakini nyama haikuwa chakula cha kila siku. Ng'ombe hawakufugwa katika msitu wetu juu ya mbung'o. Mbuzi na kuku walikuwa wachache, wakawekwa kwa mahari, kwa mgeni, kwa kilio na kwa sikukuu. Kwa Barega, katika Bwami, ugawaji wa nyama ulikuwa na sheria zake, kila mtu akipata kwa cheo chake. Kitu kinachogawanywa kwa sheria namna hiyo si kitu cha kujaza tumbo kila jioni. Tumbo lilijazwa na shamba: ndizi, viazi, muhogo, mahindi, karanga, maharagi, uyoga wa msituni, majani ya kila namna, na juu yake mawese.

Na shamba lenyewe lina safari ndefu. Michikichi ni mali ya Afrika tangu zamani. Ndizi zilitoka Asia. Muhogo, mahindi, karanga na pilipili vilitoka Amerika; muhogo uliletwa na Wareno kwenye pwani ya Kongo katika karne ya 16, ukapanda polepole, mkono kwa mkono, mpaka kwetu. Kwa hiyo sombe tunayoiita ya mababu iliingia kama mgeni, na wamama wakaifanya kuwa ya nyumbani. Ndugu zetu wa Tanzania wanaiita kisamvu, wa Kinshasa wanaiita pondu.

Soko la Nyangwe

David Livingstone alifika Nyangwe mwaka 1871. Aliona soko kubwa kando ya mto, wanawake wakija kwa maelfu, wengine kwa mitumbwi, na vitunga vya muhogo, vyungu vya mawese, pilipili, chumvi, samaki na kuku. Soko lilikuwa mikononi mwa wanawake. Tarehe 15 Julai mwaka huo, watu wa wafanya biashara ya watumwa na pembe walipiga bunduki katikati ya soko hilo. Mamia walikufa, wengi wao wanawake, kwa risasi au kwa kuzama mtoni. Tunapopita leo mbele ya mama aliyepanga mafungu ya sombe chini, tukumbuke kwamba biashara yake ndogo ni ya zamani kuliko mji wa Kindu, na iliwahi kulipiwa kwa damu.

Waungwana wale wale waliokuja kutoka pwani walileta pia mpunga. Nyangwe na Kasongo zikawa na mashamba ya mpunga, na mpaka leo wali ni chakula cha Maniema, tena wali na sombe ni sahani inayojulikana kwa kila nyumba, ya Mwislamu na ya Mkristo.

Aibu ilitoka wapi?

Wakati wa Wabelgiji, tangu mwaka 1917, kulima pamba na mpunga kulifanywa lazima. Mwanaume na mke wake walipoteza siku nyingi kwa shamba la serikali, na shamba la nyumbani likangoja. Hapo hapo, mtu wa mshahara, karani au mtu wa reli, alianza kununua nyama ya kopo na samaki wa chumvi. Mwenye kula nyama alionekana mtu wa mji, na mwenye kula majani mtu wa kijiji. Ndiyo mizizi ya lile neno "tu".

Faida zake, na masharti yake

Daktari Denis Burkitt, aliyefanya kazi Uganda tangu 1946 mpaka 1966, aliona kwamba magonjwa mengi ya utumbo yaliyojaa mahospitali ya Ulaya yalikuwa nadra kwa watu wa vijijini. Yeye alifikiri sababu kubwa ni nyuzinyuzi za vyakula vya shamba. Mwaka 2015, tawi la saratani la Shirika la Afya Duniani liliweka nyama za kiwandani, kama soseji, katika orodha ya vitu vinavyoleta saratani. Shirika hilo linashauri mtu mzima ale angalau gramu 400 za matunda na mboga za majani kwa siku. Sombe, lenga-lenga na matembele vina vitamini na madini ya chuma, na mawese mekundu yanaleta vitamini A, inayolinda macho ya watoto.

Lakini tusidanganyane. Chakula cha majani kinataka elimu, na elimu hiyo wazee walikuwa nayo. Muhogo mchungu una sumu. Ndiyo maana bibi zetu waliuloweka siku tatu au nne kabla ya kuanika, na sombe waliitwanga vizuri na kuichemsha sana, chungu bila kifuniko. Mahali watu walipofupisha kazi hiyo juu ya njaa au haraka ya biashara, kwa mfano kule Kwango, ulitokea ugonjwa wa konzo unaolemaza miguu. Daktari Trolli aliuandika mwaka 1938.

Tena bugali peke yake si chakula. Mtoto aliyeachishwa ziwa na kulishwa muhogo mtupu anaweza kuvimba miguu na uso: ndiyo kwashiorkor, jina lililotoka Ghana na kuandikwa na daktari Cicely Williams mwaka 1935. Dawa yake haingoji nyama ya duka. Karanga zilizotwangwa ndani ya sombe, maharagi pamoja na wali: ndivyo vinavyojenga mwili. Kuna kitu kimoja, vitamini B12, ambacho majani hayana. Kwa hiyo samaki mdogo au yai mara kwa mara si dhambi. Shida ni pale tunapouza karanga na maharagi yote sokoni, tununue nyama kidogo ya kuonekana, na watoto wabaki na bugali.

Kuna faida nyingine, ya msitu. Nyama nyingi ya porini inaingia Kindu juu ya baiskeli na pikipiki. Lesula, nyani aliyejulikana kwa wataalamu mwaka 2007 na kuandikwa rasmi mwaka 2012, anaishi katika misitu ya Lomami, ambapo hifadhi ya taifa iliundwa mwaka 2016. Kila chungu cha sombe kinampunguzia mwindaji soko.

Somo la mwaka 2002

Wakubwa wanakumbuka mwaka 2002. Mji ulikuwa chini ya RCD-Goma, na Mai-Mai walikuwa wameuzunguka. Kwenda shamba ilikuwa kuhatarisha maisha, na njaa ikaingia. Siku hizo hakuna aliyesema "sombe tu". Aliyekuwa na matembele nyuma ya nyumba alikuwa na kitu cha kupika. Aliyeweza kufika shambani na kurudi na kitunga cha majani alipokelewa kama aliyetoka vitani, na kweli alitoka vitani.

Basi, ombi letu ni dogo. Katika Kasuku, Mikelenge na Alunguli, kila kiwanja kiwe na mistari michache ya lenga-lenga na matembele. Wamama wawafundishe wasichana na wavulana vilevile kuloweka, kutwanga na kuchemsha, sababu elimu hiyo ikipotea, majani yatabaki na faida itakwenda. Na kesho jirani akituuliza tulikula nini, tumjibu bila kuinamisha kichwa: tulikula sombe.