Utazamaji wa Safari, Tangu Misafara ya Tabora hata Mbio za Motokaa

Mtazamaji wa mpira huuona mchezo wote mbele ya macho yake. Mtazamaji wa mbio ndefu za motokaa hana bahati hiyo. Husimama kando ya njia saa nyingi, juani au mvuani. Kisha motokaa huja, hupita kwa kufumba na kufumbua, na vumbi humfunika. Yafaa kuuliza basi furaha yake hutoka wapi, na kwa njia gani aweza kuipata kamili. Jibu ni la kale kuliko motokaa, na lapatikana Tabora.

Katika karne ya 19 Unyanyembe palikuwa njia panda ya bara. Misafara iliyotoka Bagamoyo ilipita Mpwapwa, ikatozwa hongo katika Ugogo, ikavuka nyika ya Mgunda Mkali, ikafika Tura, ndipo ikaingia Tabora. Na kutoka hapo njia ilielekea Ujiji. Burton, aliyewasili mwezi wa Novemba 1857, alikuwa amekaa njiani zaidi ya miezi minne. Msafara ulipokaribia mji, wapagazi walivaa nguo zao njema, kiongozi akatangulia na bendera, ngoma na baragumu zikalia, na bunduki zikapigwa hewani. Watu wakatoka majumbani, na wanawake wakapiga vigelegele.

Watu hao hawakuwa wageni wa jambo walilolitazama. Kwa vijana wengi wa Kinyamwezi kwenda pwani kulikuwa ni sehemu ya kuwa mtu mzima, na aliyesimama kando ya njia mwaka huu huenda mwaka uliopita alikuwa chini ya mzigo wa frasila mbili. Alipoona bega lililochubuka, alijua maana yake. Alipoona mizigo ni michache kuliko wachukuzi, hakuhitaji kuambiwa kwamba njaa au vita vilikuwako nyuma. Msafara ulipita kwa muda mfupi, lakini yeye alisoma ndani yake miezi yote ya njia.

Tena utazamaji ule ulikuwa na upande mzito. Katika misafara iliyorudi pwani palikuwa na pembe za ndovu, na pengine palikuwa na watu waliofungwa minyororo. Aliyetazama bendera asiione minyororo alikuwa ametazama nusu. Ngoma haikuifanya huzuni ile kuwa arusi.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na misafara ya miguu ikakoma. Neno lake halikukoma. Mwaka 1953 mashindano ya motokaa yalianzishwa katika Kenya, Uganda na Tanganyika, yakaitwa Coronation Safari. Mwaka 1960 yakaitwa East African Safari Rally. Jina hilo liliwafaa, kwa sababu adui mkubwa wa dereva alikuwa njia yenyewe: tope, mito, mawe na usingizi. Mwaka 1963, na tena mwaka 1968, motokaa 7 tu zilifika mwisho.

Mashindano hayo yalimtaka mtazamaji awe na elimu ile ile ya Unyanyembe. Motokaa ziliondoka moja moja kwa kupishana dakika, na dereva alihesabiwa kosa kwa kuchelewa kufika kituoni. Kwa hiyo aliyetangulia kupita huenda asiwe mbele katika hesabu. Mwenye saa mkononi na orodha ya nambari aliyajua mashindano. Asiye navyo aliona vumbi tu. Mwenye busara hakuchagua mahali penye mwendo mkali, bali kivuko au mlima wa utelezi, ambapo ustadi huonekana. Huko ndiko walikojulikana kina Joginder Singh, mshindi wa 1965, na Bert Shankland wa Tanzania, aliyeshinda 1966 na 1967 kwa Peugeot 404. Na motokaa iliponasa topeni, wanakijiji waliingia kuisukuma. Majina yao hayakuandikwa katika kitabu cha washindi, kama yalivyokosa kuandikwa majina ya wapagazi. Lakini ushindi mwingi ulipita mikononi mwao.

Hata hivyo ukaribu una mpaka. Katika mashindano ya Ureno ya mwaka 1986 motokaa iliacha njia ikaingia katika umati uliosongamana, na watazamaji wakapoteza maisha. Safari iliporudi katika mashindano ya dunia mwaka 2021, huko Naivasha, mbio zilikimbizwa katika vipande vya njia vilivyofungwa. Kusimama mahali pa juu, nyuma ya kamba, upande wa ndani wa kona, si woga. Motokaa ikipotewa na kona hutupwa upande wa nje, na anayeijua njia hujua hilo kabla haijafika.

Apendaye mbio na apate kwanza habari za njia, za saa na za watu. Ajiweke mahali pa salama. Kisha atazame wote, dereva na fundi, na yule mwenye miguu ya tope anayesukuma. Msafara ni wa wote walioubeba, na mtazamaji ndiye shahidi wao.