Kisukari cha Mimba na Tadbiri ya Chakula

Kisukari cha mimba ni jina litajwalo na wakunga na matabibu kwa maradhi yanayomzukia mwanamke ambaye kabla ya kuchukua mimba hakuwa na kisukari, lakini mimba ikifika kiasi cha miezi sita, damu yake huanza kubeba sukari nyingi kuliko kadiri imfaayo yeye na kiumbe aliye tumboni mwake. Jina lenyewe ni fupi, lina sauti ya Kiswahili, na kila alisikiaye hudhani amekwisha kulielewa. Na hapo ndipo ilipo haja ya kulitazama kwa makini, kwani nusu yake ya kwanza humfanya msikilizaji aamini kwamba dawa ni kukiondoa kikopo cha sukari mezani, na nusu ya pili humfanya aamini kwamba maradhi hutoka pamoja na mtoto yakaisha, ilhali imani zote mbili zimewadhuru kina mama wengi.

Neno sukari lilitoka Bara Hindi, likapita Uajemi, likaingia katika Kiarabu likawa sukkar, ndipo likatufikia sisi watu wa pwani. Na Waswahili walipotaka jina la maradhi ambayo mkojo wa mgonjwa huwa mtamu, wakalivika neno hilo kiambishi ki-, ambacho katika lugha yetu kina ujamaa wa zamani na maradhi, kama vile kifafa, kichocho, kipindupindu na kisonono. Istilahi iliyopatikana hivyo ni safi, nami sioni haja ya kuitafutia nyingine. Ila inao upungufu ambao hata majina ya kale yanao, lile la Kiyunani litajalo maji yapitayo mwilini pasipo kutulia, na lile la Kilatini litajalo asali: yote hutaja alama ionekanayo, wala hayataji chanzo. Basi watu huichukua alama wakaifanya sababu, wakasema kwamba bibi fulani amepatwa na kisukari kwa kuwa alipenda chai tamu, na bibi mwenyewe, ambaye mzigo wa mimba unamtosha, akaongezewa mzigo wa lawama.

Chanzo kimo katika kondo la nyuma, ambalo wengine huliita zalio. Kondo hili, mbali na kumpitishia mtoto chakula na hewa, humwaga katika damu ya mama homoni za namna kadha wa kadha, na baadhi ya hizo huipunguzia nguvu insulini, yaani ule umaji wa kongosho uliogunduliwa Toronto mwaka 1921 na Banting na Best, ambao kazi yake ni kama ya bawabu aifunguliaye sukari mlango ili itoke katika damu na kuingia ndani ya chembe za mwili ziihitajizo. Wala jambo hili si kosa la maumbile. Ni hikima yake Muumba, kwani mlango wa mama ukifungwa nusu, sukari hubaki katika damu, na mtoto akapata fungu lake hata saa ambazo mama hajala. Kadiri mimba ikuavyo ndivyo kondo likuavyo, na ndivyo kongosho la mama lipaswavyo kuzidisha kazi, hata katika miezi ya mwisho hulazimika kutoa insulini mara 2 au 3 kuliko ada yake. Wanawake walio wengi huweza. Wale ambao kongosho lao halikujaliwa akiba hiyo, ama kwa sababu ya nasaba yenye kisukari, ama unene uliotangulia mimba, ama umri uliosonga, damu yao hujaa sukari, na hao ndio tusemao kuwa wana kisukari cha mimba. Chai tamu siyo iliyowafikisha hapo, japokuwa wakishafika haiwafai.

Kuhusu mtoto, jambo la kushika ni moja: sukari ya mama hupita katika kondo, bali insulini yake haipiti. Tabibu Jørgen Pedersen wa Copenhagen ndiye aliyeyaeleza matokeo yake kwa namna ambayo ingali msingi wa elimu hii hadi leo, kwamba sukari ya mama ikimfikia mtoto kwa wingi, kongosho lake changa hujibu kwa kutoa insulini nyingi, na insulini hiyo humnenepesha, hasa mabegani na tumboni. Kwetu mtoto azaliwaye na kilo 4 na nusu hupigiwa vigelegele, na mama yake husifiwa kuwa alikula vizuri. Nami sipendi kuikata furaha ya watu, lakini mkunga ajua kwamba kichwa chaweza kutoka na mabega yakakwama, na kwamba mtoto yule mnene, kitovu kikishakatwa na sukari ya mama ikakoma kumjia, aweza kupungukiwa na sukari katika saa chache za kwanza, maana kongosho lake lingali likimwaga insulini kwa mazoea. Ndiyo sababu mtoto wa namna hii hutakiwa anyonyeshwe mapema, katika saa ya kwanza, na damu yake ipimwe.

Sasa tuje kwenye nusu ya pili ya jina. Neno la Kizungu la maradhi haya limetokana na kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kubeba. Waarabu nao huyaita sukkari ya haml, kwa shina lilelile lililotupa sisi maneno himili na hamali. Nasi twasema mwanamke amechukua mimba, kwa hiyo fikra ni moja katika lugha zote tatu. Baadhi ya waandishi hupendelea kusema ujauzito, wakiona kwamba mimba ni neno lisilo na staha. Mimi sioni dosari ndani yake, wala sigombi na mtu juu ya hilo. Jambo la kugombewa ni ile silabi ndogo iliyo katikati, cha, ambayo huyafanya maradhi yawe milki ya mimba. Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani lilitenga hali mbili ambazo zamani zilichanganywa: ya kwanza ni ya mama ambaye sukari yake asubuhi, kabla hajala kitu, ni kati ya 5.1 na 6.9 kwa kipimo cha milimoli kwa lita, au saa moja baada ya kunywa maji yenye gramu 75 za glukosi imefika 10.0 au kupita, au baada ya saa mbili imo kati ya 8.5 na 11.0, ya pili ni ya mama ambaye asubuhi amefika 7.0 au zaidi, au saa mbili baada ya kunywa amefika 11.1 au zaidi, na huyu ana kisukari kamili, ambacho aghalabu kilikuwamo mwilini kabla ya mimba pasipo mtu kujua. Waandishi wetu huziita zote mbili kisukari cha mimba. Rai yangu ni kwamba jina hilo libaki kwa hali ya kwanza peke yake, na ya pili iitwe kisukari katika mimba, kwani hiyo mimba imeikuta tu, haikuizaa, na tiba yake haingoji.

Tena yafaa ijulikane kwamba hata walioweka vipimo vya kwanza hawakuyaona maradhi haya kuwa ya miezi tisa. O'Sullivan na Mahan walipotangaza vipimo vyao mwaka 1964, kwa kuwatazama wanawake wa Boston, shabaha yao ilikuwa kumbashiria mama mwenyewe kama atapatwa na kisukari katika miaka ya mbele. Habari ya mtoto ilikuja kuthibitika kwa upana baadaye, mwaka 2008, pale uchunguzi uliofanywa katika nchi 9, kwa wanawake zaidi ya 23,000, ulipodhihirisha kuwa hatari yake huongezeka kidogo kidogo pamoja na sukari ya mama, pasipo mpaka ambao mtu angeweza kuuonyesha akasema hapa pana salama na pale pana hatari.

Neno lililobaki ni la tiba, nalo ndilo linisumbualo zaidi. Wengine husema dayati, wengine masharti, na walio wengi husema miiko. Mwiko ni neno la uganga, na maana yake ni kitu kilichokatazwa. Basi mama akiambiwa ana miiko, hutoka kliniki na orodha ya makatazo, asile wali, asile ndizi, asile muhogo, asile embe, akafika nyumbani akala mchicha na maji, akishukuru kwamba sukari imeshuka. Hilo ni kosa kubwa. Mwenye mimba ahitaji wanga usiopungua gramu 175 kwa siku, kwani ubongo wake na wa mtoto huishi kwa sukari, na mwili ulionyimwa wanga huanza kuunguza mafuta yake wenyewe na kujaza damu ketoni, ambazo hazimfai mtoto. Matabibu wa Kiarabu wa kale walikuwa na neno lililo aula kuliko mwiko, nalo ni tadbiri, yaani kuupanga mlo, usingizi na mwendo kwa kadiri ya mwili wa mtu. Na katika karne ya 10 huko Misri tabibu al-Baladi aliandika kitabu kizima juu ya tadbiri ya wenye mimba na watoto. Neno hilo limo katika Kiswahili chetu, na wazee wa pwani hulitumia kwa mipango ya kila namna. Naona lafaa lirudishwe mahali pake, tuseme tadbiri ya chakula, maana linauliza kiasi gani, saa ngapi, na pamoja na nini.

Tuitazame sahani ya mchana katika nyumba ya pwani: wali wa nazi umejaa hadi ukingoni, umemwagiwa mchuzi wa samaki, na kando kuna kijiko kimoja cha kisamvu. Hakuna kilichomo kisicholika, bali mafungu yake yamegeuzwa. Nusu ya sahani na iwe kisamvu, au matembele, au bamia, au kachumbari. Robo iwe samaki, au dagaa, au maharage. Na robo ibaki kwa wali, kiasi cha ngumi ya mlaji mwenyewe, nao uliwe pamoja na mboga na samaki, wala usitangulie peke yake, ili sukari yake iingie damuni polepole. Ugali ni vivyo hivyo, na wa dona hushinda wa sembe kwa kuwa haukuondolewa makapi. Muhogo, magimbi na viazi vitamu vimo katika fungu la wali, wala si mboga, na alaye wali pamoja na viazi amekula wanga mara mbili. Ndizi mbichi iliyopikwa si sawa na ndizi iliyoiva, kwani kuiva ni wanga kugeuka sukari. Na ile ndizi ndogo ambayo nayo huitwa kisukari, moja yatosha, tena baada ya chakula.

Asubuhi ndiyo saa ngumu, kwa sababu wakati huo insulini ya mwenye mimba ina nguvu kidogo kuliko saa zote, na wakati huohuo desturi yetu humletea chai ya maziwa yenye vijiko 3 vya sukari na mahamri manne. Mbaazi za nazi ziliwazo na mahamri hayo hazina ubaya. Naam, ndizo zingeongezwa, pamoja na yai moja, na mahamri yakapunguzwa hadi moja, na chai ikanywewa bila sukari. Uji mwepesi wa unga laini, ambao watu huusifu kuwa chakula cha mgonjwa, hupandisha sukari upesi. Na soda ya chupa, yenye zaidi ya gramu 30 za sukari, haina nafasi kabisa, wala juisi, hata ya matunda ya shambani. Kati ya milo mitatu mama apate vitu vidogo, kama karanga kiganjani au kikombe cha mtindi, asikae na njaa kisha akala kwa pupa. Mama mkwe atamwambia, "Kula, mwanangu, huli peke yako," na kauli hiyo ni ya mapenzi. Lakini nyongeza ihitajiwayo hata katika miezi ya mwisho haizidi robo ya chakula cha siku.

Ramadhani ina hukumu yake. Mwenye mimba achaye kufunga kwa kuihofia nafsi yake au mtoto wake amepewa ruhusa na sharia, na siku zile hulipwa baadaye. Mwenye kisukari cha mimba ana haki zaidi ya kuichukua ruhusa hiyo, baada ya kumwuliza tabibu na shehe wake. Hata asiyefunga atakaa na wenzake magharibi, na mbele yake zitakuwapo tende, kaimati, tambi za sukari na viazi vya nazi, vyote kwa pamoja. Tende moja ya kuungana nao, kisha supu, samaki na wanga wa namna moja tu, hutosha kumweka katika baraza bila kumdhuru.

Kama tadbiri inafaa au haifai, kipimo ndicho kisemacho: asubuhi kabla ya kula sukari iwe chini ya 5.3, na saa mbili baada ya kula iwe chini ya 6.7. Kutembea kwa dakika 15 baada ya mlo husaidia sana. Walio wengi hufikia hapo kwa chakula na mwendo peke yake. Asiyefikia huandikiwa insulini au vidonge, wala hiyo si adhabu ya kukosa utii, maana makondo hayalingani nguvu. Kipimo cha kwanza hufanywa kati ya wiki ya 24 na ya 28, na mama ambaye nasaba yake ina kisukari, au aliyewahi kuzaa mtoto wa kilo 4 na zaidi, aombe kupimwa mapema, tangu ziara yake ya kwanza.

Kondo likishatoka, sukari kwa kawaida hurejea mahali pake katika muda mfupi, na hapo wengi huacha kila kitu. Lakini mama huyu ana hatari ya kupatwa na kisukari cha kudumu takriban mara 7 kuliko mwenzake ambaye hakupata maradhi hayo, na atakiwa apimwe tena kati ya wiki ya 6 na ya 12 baada ya kujifungua, kisha kila mwaka mmoja hadi mitatu. Wiki ya 6 ndipo ampelekapo mtoto chanjo. Basi na alale bila kula, aende asubuhi mapema, na kabla mtoto hajachomwa sindano amwambie muuguzi kwamba alikuwa na kisukari cha mimba na kwamba yeye pia amekuja kupimwa.