Mcheza Kwao Hutunzwa: Habari za Ngoma na Gharama Zake Mjini Mombasa

Wazee wetu waheshimiwa na ndugu wanachama,

Miongoni mwa mambo yatakayoletwa mbele ya Mkutano Mkuu ni ombi la walimu wa shule moja ya msingi ya hapa kisiwani, kwamba Chama kiwasaidie gharama za ngoma na nyimbo za watoto. Baadhi ya wazee wameuliza, nao wana haki ya kuuliza, kwa nini fedha zilizochangwa kwa ajili ya wagonjwa na maziko zitumiwe kwa ngoma. Mimi niliye karani wenu nimeona yafaa nieleze kwa ufupi jinsi mji huu ulivyogharimia ngoma zake tangu zamani, kwani jibu limo humo.

Katika miaka ya 1890 ngoma ya beni ilianza kuenea katika pwani yetu. Vijana walikuwa wamesikia tarumbeta za bendi, kama zile za misheni ya Freretown, kijiji kilichoanzishwa kati ya 1874 na 1875 ng'ambo ya Mji wa Kale kwa ajili ya watu waliokombolewa utumwani. Vikatokea vyama viwili mashuhuri, Kingi na Skochi, vikashindana kwa mavazi, kwa mwendo na kwa karamu. Wanachama walichanga wakanunua vyombo vyao. Na mwenzao alipofikwa na shida au msiba, walikuwa pamoja naye. Basi anayedhani kwamba ngoma na maziko ni mambo ya mifuko miwili, na ajue kuwa wazee wake hawakudhani hivyo.

Kina mama nao walikuwa na lelemama. Vyama vya Ibinaal Watan na Banu Saada vilikuwa na viongozi wake, na mashindano yake yalikula fedha nyingi kwa nguo na vyakula. Walakini umoja ule haukupotea bure. Mwishoni mwa miaka ya 1950 wanawake wa Kiislamu wa mji huu waliunda vyama vya maendeleo na utamaduni, wakatia mkazo katika elimu. Waliokwisha jifunza kukusanya fedha na kuongoza watu ngomani hawakuwa wageni wa kazi hiyo.

Katika taarabu mambo yalikuwa yayo hayo. Msikilizaji aliyeguswa na ubeti aliinuka, akaenda kumtunza mwimbaji mbele ya watu wote. Ndipo twasema, mcheza kwao hutunzwa. Methali ni ya kweli, lakini ndani yake mna jambo la kutufikirisha: anayecheza mahali pasipo pao, ni nani atakayemtunza?

Swali hilo halikuwa zito zamani, kwa kuwa kila mmoja alicheza kwao. Hata shule za wakati wa ukoloni zilitengwa, za Wazungu mbali, za Wahindi mbali, za Waarabu mbali na za Waafrika mbali. Baada ya Uhuru wa tarehe 12 Desemba, 1963, na Tume ya Ominde iliyotoa ripoti yake ya kwanza mwaka 1964, elimu ilitakiwa iwaunganishe watoto wa taifa moja. Hivyo mtoto wa Kidigo, wa Kiswahili, wa Kihindi, wa Kijaluo na wa Kikamba wakaweza kuketi katika benchi moja. Kitabu kikawa kimoja. Ngoma ikabaki kila mtu na yake.

Mwaka 2003 ada za shule za msingi zilipoondolewa, Serikali ilitenga shilingi 1,020 kwa kila mtoto kwa mwaka: shilingi 650 za vitabu na vifaa vya kufundishia, na shilingi 370 za matengenezo na matumizi mengineyo. Ilikuwa neema kubwa, wala hatuna budi kuishukuru. Lakini mwalimu mkuu mwenye paa linalovuja hawezi kununua zumari kabla ya bati.

Si kwamba urithi wetu haujapata kusaidiwa. Ngome ya Yesu, iliyokuwa jela tangu 1895 hadi 1958, ilitengenezwa kwa msaada wa paundi 30,000 wa Shirika la Gulbenkian, ikafunguliwa kuwa makumbusho mwaka 1960. Mawe yalipata mlezi. Nyimbo hazina ukuta wa kuonyesha wageni, na mzee azijuaye akizikwa, huzikwa nazo.

Nami niliyaona haya kwa macho yangu. Katika sherehe ya shule moja, wazazi wa jamii moja wenye uwezo waliwashonea watoto wao mavazi na kuwalipia wapigaji. Watoto wakacheza vizuri, tukawatunza. Kando ya ukuta alisimama mvulana wa Kiduruma ambaye wenzake walisema aijua sengenya barabara. Hakuna aliyemkataza kucheza. Hapakuwa na ngoma, wala upatu, wala zumari. Na wazazi wake walikuwa kazini. Alipiga makofi pamoja nasi mpaka mwisho.

Kwa hiyo naomba Mkutano ulikubali ombi hili kwa masharti manne. Kwanza, Chama kitoe sehemu tu, na jumuiya nyingine za mji ziombwe sehemu zilizobaki, ili pasiwe na jamii moja itakayochagua ngoma ya wote. Pili, vyombo vitakavyonunuliwa viwe mali ya shule, visiwe vya kabila. Tatu, hesabu yake isomwe hapa kila mwaka, kama isomwavyo ya maziko. Nne, wazee wajuao ngoma za kwao waende kuwafundisha watoto, kwani asiye na fedha ana ujuzi, na huo nao ni mchango.

Haba na haba hujaza kibaba. Mcheza kwao hutunzwa. Basi na tuifanye shule iwe kwao kila mtoto aingiaye mlangoni mwake.

Ni mimi mtumishi wenu,
Karani wa Chama