Nishani na visu vya madaktari wa jeshi: usikimbilie kuuza

Mjini Chake Chake, mwendo mfupi kutoka Gombani, ndani ya ngome kongwe kuna Makumbusho ya Pemba. Tunaitaja mapema kwa sababu vitu tutakavyovieleza ni rahisi kuishia kwa sonara na kuyeyushwa: nishani na vifaa vya upasuaji vya zama za madaktari wa jeshi wa karne ya 19. Ulaya wapo watu wanaovikusanya kwa hamu, na baadhi yake vinatuhusu sisi.

Chukua habari ya Thomas Heazle Parke, daktari wa jeshi la Uingereza, mzaliwa wa Ireland. Februari 1887 alipita Unguja katika msafara wa Stanley wa kumwokoa Emin Pasha. Meli ilipong'oa nanga ilibeba Wazanzibari wapatao 600, wengi wao wapagazi. Agosti mwaka huo, katika msitu wa Kongo, ofisa aitwaye Stairs alichomwa kifuani na mshale wa sumu. Parke akalinyonya jeraha kwa mdomo wake. Stairs alipona, ingawa ncha ya mshale ilikaa mwilini zaidi ya mwaka ndipo ikatolewa.

Parke amejengewa sanamu mjini Dublin, na tukio hilo limechongwa chini yake. Wapagazi wengi walifia safarini kwa njaa na maradhi. Walionusurika walitengenezewa nyota ya fedha na Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ya London: ina ncha tano na herufi ERE katikati. Kwa hiyo ukikuta nyota kama hiyo kwenye kasha la bibi, usiione pambo tu. Huenda ni kumbukumbu ya babu aliyerudi.

Vifaa vya upasuaji navyo vina dalili zake. Tazama mpini. Visu na misumeno ya kukatia mifupa ya zamani ilitiwa mipini ya mpingo, mfupa au pembe ya ndovu. Madaktari walipoanza kuchemsha vifaa ili kuua vijidudu, mwishoni mwa karne hiyo, mipini hiyo ilipasuka, ndipo vikaanza kutengenezwa vya chuma kitupu. Alama ya mshale mfupi mpana iliyogongwa kwenye chuma huonyesha mali ya serikali ya Uingereza. Pembe ya ndovu, hata ikiwa kuukuu, biashara yake ina sheria kali, uliza kwanza.

Nishani usiisugue kwa majivu wala ndimu, utafuta maandishi, na jina lililochorwa ukingoni ndilo lenye thamani kuliko fedha yenyewe. Ifunge kwa kitambaa cha pamba kikavu, mbali na unyevu wa chumvi. Kisha andika kwenye karatasi nani alikuachia na alikuwa nani kwako, karatasi hiyo ikae pamoja na nishani. Ukienda makumbusho, nenda nayo.